Karakana Iliyopimwa Mara Mbili

Hapo zamani, katika karakana ya viatu isiyofunguliwa madirisha, alikuwako mbandika soli aliyeitwa Zamoyoni. Madirisha yalifungwa ili vumbi lisinate kwenye gundi mbichi. Mvuke wa gundi nao ukabaki ndani, ukaingia vifuani. Watu walishikwa na kizunguzungu, watu walianguka. Zamoyoni alitaka jambo moja tu: apumue bila kuumwa.

Akaja mpimaji, Bi Tunu. Kila mtu alimfunga kipampu kidogo kolani, kivute hewa ileile iingiayo puani, tangu kazi ianze hadi iishe. Lakini mgeni ni mgeni! Wafanyakazi walifagia, wakafungua madirisha yote, wakafunika makopo ya gundi. Vipimo vikatoka safi.

“Hewa ya mlimani hii!” akashangilia msimamizi, Bwana Mbaruku.

Zamoyoni akasimama. “Bi Tunu mwanangu, umepima ugeni, hukupima kazi. Kila siku tunafunga madirisha.”

“Zamoyoni, kesho usije!” akafoka Bwana Mbaruku.

“Nisije? Basi leo nimeshasema.”

Bi Tunu akaitazama sahihi yake chini ya ripoti. Kwao wapimaji, kosa la namna hiyo lilimtoa mtu kazini. Akaichana ripoti, sahihi na yote, mbele ya wote. “Nimekosea mimi. Tutapima upya, madirisha yakiwa yamefungwa.”

Wengine, kwa kumwogopa msimamizi, wakavikataa vipampu. Mbandika soli mwenzao, Mkwabi, peke yake akacheka. “Nifunge mimi, dada, nikae penye gundi nyingi. Nimeanguka mara mbili bure. Ya tatu nianguke na ushahidi!”

Akafungwa. Kutwa akayumba, asianguke, kipampu hakukivua hadi kengele ya mwisho. Kipimo kikatoka: mvuke mara tatu ya kiwango cha usalama! Mwenye karakana alikisoma, akaagiza mabomba ya kuvuta mvuke juu ya kila meza, na Zamoyoni arudishwe. Siku mabomba yalipowashwa, vigelegele vilipaa hadi barabarani, na Zamoyoni akavuta pumzi ndefu isiyomchoma.

Wafanyakazi wakashona jozi moja ya viatu vya ngozi nyekundu, zawadi ya yule mmoja aliyewaletea hewa safi.

“Bila kinywa changu,” akasema Zamoyoni, “uongo ungebaki na sahihi.”

“Bila kuichana sahihi,” akasema Bi Tunu, “kinywa chako kingeitwa uzushi, mama.”

“Na bila mapafu yangu,” akasema Mkwabi, “mngepima nini, ninyi wasemaji?”

Viatu viko mezani, na jozi haigawanyiki. Enyi msikilizao, je, nani alistahili kuvivaa?