Marehemu Aliyeweka Pingamizi

Nimekuja na habari!
— Zimwage!
Mbaya au nzuri?
— Zozote, mwaga!
Zikiwachanganya?
— Tutachanganyikiwa pamoja!

Haya. Na anayetafuna miwa huko nyuma ateme kwanza.

Zamani, huko milimani kwa wakulima wa mdalasini, aliishi mzee mmoja akiitwa Banzi. Alikuwa na mke, Bi Tausi. Alikuwa na binti mmoja tu, Zamoyoni. Alikuwa na mpwa, mtoto wa dada yake, akiitwa Kobelo. Mmeshika? Banzi, Tausi, Zamoyoni, Kobelo. Asije mtu baadaye akaniuliza nani ni nani, maana hadithi hii inachanganya yenyewe na mimi sina subira nayo.

Mzee Banzi akaugua. Akaugua, akaugua, akafa. Wakamchimbia kaburi nyuma ya nyumba yake ya mawe, wakamzika.

Hapo pana utata? Hapana. Mtu kafa, kazikwa, watu wamekula wali wakaondoka. Subirini.

Watu wale walikuwa na desturi yao. Siku ya kuanua tanga, jina la marehemu haliachwi likapotea. Anapewa mpwa wake. Anavishwa koti la mjomba, anakalishwa kwenye kigoda cha mjomba, na kuanzia hapo anaitwa kwa jina lile. Wakubwa kwa wadogo wanamwamkia vilevile walivyomwamkia mwenye jina. Na kuna mwiko wake: tangu siku hiyo hakuna kutamka kwamba Banzi amekufa. Ukitamka umemzika mtu aliye hai, na utatoa kuku. Desturi nzuri tu, inafuta watu machozi. Lakini sikilizeni vizuri: kinachorithiwa ni jina, koti na kigoda. Nyumba haimo.

Kobelo akavishwa koti. Akakaa kwenye kigoda. Akaitwa Banzi.

Ukoo nao ulikuwa umeshakaa kikao chake mapema, wakamteua Zamoyoni awe msimamizi wa mirathi. Anajua kusoma, hana tamaa, basi. Wakaandika muhtasari, wakapiga dole gumba. Wakamwambia, "Nenda bomani kwenye baraza la mirathi ukapewe barua ya usimamizi. Ukishaipata, uandikishe nyumba kwa jina la mama yako, akae kwake mpaka mwisho wa siku zake."

Kazi ya asubuhi moja, au siyo? Hata yeye alidhani hivyo. Alifunga kibwebwe akaacha maharage jikoni, akijua atayakuta hayajaiva.

Akafika bomani. Karani akachukua muhtasari, akausoma kwa juu na kwa chini.

"Marehemu nani?"

"Banzi."

"Una mashahidi kwamba amekufa?"

Zamoyoni alikuwa amekuja na majirani wawili, watu wazima, waliobeba jeneza kwa mabega yao wenyewe. Karani akawageukia. "Banzi yuko wapi?"

Majirani wakatazamana. Mmoja akakohoa. Mwingine akasema, "Banzi yupo. Asubuhi nimepita kwake, anakunywa uji."

"Mnasemaje?" Zamoyoni akaruka. "Si mlimzika nyie? Baba yangu amekufa!"

"Astaghafiru! Kuku huyo," wakasema wote wawili kwa mpigo.

Karani akafunga daftari. Zamoyoni akarudi, maharage yameungua, na kuku mmoja akashikwa uani kwake akapelekwa kwa mwenye koti.

Sasa huyu Kobelo. Mngemwona! Mtu wa miaka thelathini na tano anatembea kwa mkongojo. Anakohoa kikohozi cha mjomba wake. Akimwona mwenye umri wake anasema, "Hujambo, mjukuu wangu." Kwanza watu walicheka. Halafu wakazoea. Naye akanogewa. Siku moja akaja mpaka mlangoni kwa Bi Tausi, akaita, "Mama Zamoyoni!"

"Abee," Bi Tausi akaitika. Ameitika hivyo miaka arobaini, ulimi hauulizi.

"Hamishia vyombo vyako kibanda cha jikoni. Nyumba nahamia mimi na watu wangu. Mdalasini ukishamenywa, nisikukute humu."

Macho ya Bi Tausi yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, haoni ila vivuli; hata maziko aliyasikia tu, hakuyaona. Aliona koti. Alisikia kikohozi. Alisikia wapita njia wakisema, "Shikamoo mzee Banzi," na sauti ikijibu marahaba. Binti yake aliporudi kisimani alimkuta ameshika sufuria mbili, hajui azipeleke wapi.

"Zamoyoni, baba yako ananifukuza. Nimemkosea nini?"

"Mama, yule si baba."

"Wanamwita Banzi. Kavaa koti lake."

"Mama, baba..." Neno likamfika mdomoni, akalimeza. Majirani walikuwa wanapita. Kuku walikuwa wamebaki wawili.

Roho ilimuuma, jamani. Mama yake hajui kama ni mjane au ni mke aliyeachwa. Nani atamwambia, na kwa neno gani?

Akaenda bomani mara ya pili. Karani akasema, "Sawa mama, usihangaike. Nitamtuma tarishi aje kujionea." Tarishi akapanda mlima siku nzima, ulimi nje. Akafika, akapiga hodi. "Hapa kwa nani?"

"Kwa Banzi," watu wakamwambia.

"Na Banzi mwenyewe yupo?"

"Ndiye mimi, karibu kiti," akasema Kobelo.

Zamoyoni akaja mbio. "Mwongo huyo! Banzi amekufa, kaburi lake hilo hapo nyuma!"

"Kuku," wakasema watu.

Yule kuku akachinjwa palepale, na nani alimla? Tarishi. Alikula paja, akala kidari, akafuta mdomo, akaandika: *Nimemkuta Banzi, ni mzima, mkarimu sana.*

Mnacheka. Zamoyoni hakucheka. Alianza kuchanganyikiwa mwenyewe. Alikuwa akienda kaburini anasimama, analitazama lile rundo la mawe, anajiuliza, je, niliona vizuri? Kama kila mtu anasema yupo, na mimi peke yangu nasema hayupo, mwenye kichaa ni nani? Alijaribu kulia, machozi hayakuja. Utamlilia vipi mtu anayeamkiwa barabarani? Hakulia siku ya msiba kwa sababu alikuwa anapika. Hakulia siku ya tanga kwa sababu alikuwa anaosha vyombo. Na sasa hakujua kama ana haki ya kulia.

Lakini sheria ina hatua zake. Tangazo la mirathi lilikuwa limebandikwa mlangoni pa baraza: mwenye pingamizi na aje. Na mwenye pingamizi akaja. Kobelo, na koti, na mkongojo. Akaandika pingamizi lake kwa mkono wake: *Mimi ndiye marehemu anayetajwa hapo juu, na sijafa.*

Karani alilisoma mara tatu. Akaenda kunywa maji. Akarudi akalisoma tena. Akampelekea hakimu.

Siku ya kusikilizwa, kijiji kizima kilishuka. Waliokosa benchi walikaa dirishani. Zamoyoni alikuja amemshika mama yake mkono, na mdalasini ulikuwa umeshamenywa. Akishindwa leo, kesho mama yake analala kwenye moshi wa jikoni.

Hakimu alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye kuchoka. Akasema, "Nimehukumu miaka ishirini. Marehemu hajawahi kunijia mwenyewe. Banzi ni nani hapa?"

"Mimi," Kobelo akasimama.

"Unaapa?"

"Naapa."

"Kijiji, huyu ni nani?"

"Banzi!" wakaitika wote. Desturi ni desturi.

Zamoyoni akasimama. Alimtazama Kobelo, akawatazama watu, akatazama koti. Halafu akapiga magoti mbele ya Kobelo.

"Shikamoo baba."

Kobelo mwenyewe alishtuka, lakini akajibu, "Marahaba, mwanangu."

"Mheshimiwa hakimu," Zamoyoni akasema, "nimekosea. Watu wote hawawezi kuwa waongo. Huyu ni baba yangu. Naomba karani aandike."

"Zamoyoni!" mama yake akaita kutoka kwenye benchi. Hakugeuka.

"Baba, wewe ni Banzi?"

"Ndiyo."

"Banzi kamili?"

"Kamili."

"Hakuna mtu mwingine ndani ya koti hilo?"

"Hakuna!" Kobelo akagonga mkongojo sakafuni. Karani akaandika.

"Vizuri. Sasa baba, naomba uniambie. Mpwa wako Kobelo yuko wapi?"

Nyinyi mnaelewa? Kobelo hakuelewa. Alikuwa bado anatabasamu, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi na hajaanguka.

"Kobelo?" akasema. "Kobelo yupo."

"Yupo wapi? Tangu siku ya tanga hajaonekana. Hakuja kwenye palizi. Hakuja kwenye mavuno. Wenzangu, nani amemwona Kobelo?"

Watu wakatazamana. Kwa kweli hakuna aliyemwona. Kila waliyemwona walimwita Banzi. "Hatujamwona," wakasema, na sauti zao zilikuwa na hofu kidogo.

Hakimu akaweka miwani yake vizuri. "Mke wa Kobelo yupo hapa?"

Yupo. Anaitwa Mkejina, mwanamke mdogo wa umbo, mdomo mkubwa. Akasimama, akajifunga khanga upya.

"Mume wangu Kobelo aliondoka nyumbani siku ya tanga," akasema. "Hakurudi. Aliyerudi aliniambia nimwamkie shikamoo, na kwamba mkewe ni Bi Tausi. Nami nikajiuliza, sasa mume wangu yuko wapi? Kumbe..." Hapo akaweka mikono kichwani. "Kumbe nimefiwa! Uwiii, Kobelo wangu! Umeniacha na nani, baba!"

Na wanawake mnawajua. Mmoja akilia msiba, hakuna anayeuliza kwanza. Benchi zima likaitikia. Uwiii!

Kama Zamoyoni na Mkejina walipanga jambo hili kisimani, mimi sijui. Sikuwepo kisimani. Msiniulize.

"Mheshimiwa," Zamoyoni akasema juu ya vilio, "tumefiwa na binamu yetu. Naomba nisimamie mirathi ya marehemu Kobelo."

Karani akafurahi sana. Hatimaye maiti ambaye kila mtu anakubali hayupo! Akachukua karatasi safi. "Jina la marehemu, Kobelo. Mali alizoacha?"

"Mbuzi saba," akasema Zamoyoni.

"Saba na yule mwenye mimba," akasema Mkejina, machozi yamekauka ghafla.

"Shamba la mananasi bondeni."

"Shamba la mananasi," karani akaandika.

"Baiskeli."

"Ngoja!" Kobelo akapiga kelele. "Baiskeli ipi?"

"Ya marehemu," akasema karani.

"Ile ni yangu!"

"Wewe nani?" akauliza hakimu.

"Mimi Ba..." Akasimama hapo. Jasho likamtoka. Koti lenyewe lilikuwa zito, na lilikuwa la mjomba wake kweli. "Mheshimiwa, wale mbuzi nimewalea mwenyewe tangu vitoto!"

"Nakuuliza mara ya pili. Wewe nani?"

Mkejina akaongeza kilio. Karani akachovya kalamu.

"Mimi Kobelo!" akavua koti akalitupa benchini. "Mimi Kobelo, mtoto wa dada yake Banzi! Ni mzima, sijafa, Mkejina nyamaza! Mimi Kobelo!"

"Na Banzi yuko wapi?" hakimu akauliza polepole.

Kobelo akatazama chini. Kijiji kizima kikavuta pumzi. Mwiko.

"Sijasikia," akasema hakimu.

"Amekufa," Kobelo akasema. Halafu, kama mtu aliyefunguliwa kamba, akalia kweli. "Mjomba amekufa. Alikufa mwezi wa masika. Nilimshusha kaburini mimi, kwa mikono yangu hii. Amekufa."

Hakuna aliyedai kuku.

Hakimu akasoma uamuzi. Pingamizi limetupwa. Zamoyoni ni msimamizi. Nyumba iandikwe kwa Bi Tausi. Karani akagonga muhuri, pwa! Watu wakapiga vigelegele. Mkejina alimvuta Kobelo kwa sikio mpaka nje.

Zamoyoni akapokea barua. Aliisoma yote, pale pale amesimama. Ilikuwa na neno moja alilolipigania miezi minne, aliloliunguzia maharage, alilolitolea kuku. *Marehemu.* Mbele ya jina la baba yake, kwa wino mweusi.

"Karani," akasema, "baba yangu amekufa."

"Ndiyo mama, si umeshinda?"

"Kumbe amekufa," akasema.

Akakaa sakafuni katikati ya vigelegele. Bi Tausi akaja akipapasa benchi kwa benchi mpaka akamgusa kichwa.

"Nyumba tumepata?"

"Tumepata, mama."

"Na baba yako?"

Zamoyoni akamwambia. Safari hii neno halikumezwa. Bi Tausi akashusha khanga mabegani, akakaa chini pembeni ya mwanawe.

"Haya," akasema. "Sogea hapa tulie."

Wakalia wawili, mchana kweupe, mbele ya serikali, na hakimu akaahirisha kesi zilizobaki.

Mimi nimeishia walipoishia wao. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia atasimuliwa na jirani yake. Simba nyikani, mbwa uani, na nyinyi makwenu!
— Tumetoka!