Kiboko Aliyefungua Mfereji

"Nafungua maji!"

"Yaache yaje!"

"Yakija na matope?"

"Tutayachuja wenyewe!"

Haya. Kwanza niwaambie jambo lililonishinda. Tembo walipojenga barabara yao ya kwenda kulamba chumvi, waliukata mfereji wa zamani katikati, wakaufukia. Je, waliuona au hawakuuona? Nimewaza miaka mingi. Labda mwenye miguu minene haoni vitu vyembamba. Labda mmoja aliuona, akadhani mwenzake atasema. Sijui.

Basi, upande wa mlimani maji yakasimama, yakawa dimbwi, na Kiboko akahamia humo. Upande wa bondeni mfereji ukakauka, ukaota miiba. Huko ndiko alikokaa Mama Kanga na vifaranga wake, na shamba la maboga linalonyauka.

"Itabidi nihame," akasema Mama Kanga. "Na nikihama, hawa wadogo hawatafika."

Jirani yake, Fuko, hakupenda kusikia hivyo. Akaenda kutoboa barabara. Chuku-chuku-chuku! Kiboko akahisi kitu kinamtekenya, akakaa. Puu! Tundu likafukiwa. Fuko akajaribu kando kidogo. Chuku-chuku-chuku! Puu!

"Kaka Kiboko, tugawie kidogo tu."

"Maji yakigawanywa yanapungua. Atakayetoboa barabara hii, nitamkalia yeye mwenyewe. Hiyo ni amri!"

Fuko akarudi bondeni, akaitisha msaragambo. Wakaja waliotaka kujitolea: Nungunungu akang'oa mizizi, Kima akatupa mawe, Mama Kanga akaparura majani.

"Ng'oa!"

"Tupa!"

"Ng'oa!"

"Tupa!"

"Ngoja," akasema Kima. "Tunasafisha mfereji, na maji hatuna?"

"Maji yana mwenyewe," akasema Fuko. "Tutamwomba aamue."

"Yule? Haya, mimi natupa mawe tu."

Mfereji ukawa safi, lakini ulikuwa na nyufa. Walimwaga kibuyu cha maji kujaribu, ukayanywa yote. Fyoo! Wakaleta udongo wa mfinyanzi, wakautandaza chini. Sasa ulitaka kukanyagwa na mtu mzito mpaka ushikane.

"Sisi wote pamoja hatufikii uzito wa sikio la Kiboko," akasema Nungunungu.

"Basi tumtumie Kiboko mzima," akasema Fuko. "Mama Kanga, naomba maboga yako."

"Maboga gani? Haya ndiyo ya mwisho, baba!"

"Ndiyo maana naomba kwa adabu."

Mama Kanga akawatazama vifaranga wake. Kisha akayachuma, moja moja.

Wakayapanga ndani ya mfereji, kuanzia bondeni mpaka chini ya barabara. Halafu Fuko akapanda na Kima hadi dimbwini, akamwambia kwa sauti kubwa, "Chakula cha msaragambo kiko tayari mferejini! Kiboko tusimsumbue. Hatoshei."

Kiboko akainua kichwa. "Nani hatoshei?"

"Samahani, bwana. Ni mfereji wa wadogo."

"Mimi penye chakula natoshea popote!"

Akavuka barabara, akashuka mpaka mwanzo wa maboga, kule bondeni. Akakanyaga, akala. Du! Kacha! Du! Kacha! Kila boga hatua nzito, kila hatua udongo ukashikana. Bondeni tumbo lilikuwa jembamba na mfereji mpana. Karibu na barabara tumbo lilikuwa pana na mfereji mwembamba. Alipomeza boga la mwisho, akataka kugeuka. Wapi! Akataka kurudi nyuma. Wapi!

Jua likapanda. Ngozi yake ikaanza kukakamaa.

"Maji! Leteni maji!"

"Yapo, bwana," akasema Fuko. "Hapo hapo, nyuma ya barabara. Ila kuna amri."

"Amri ya mjinga gani?"

"Yako, bwana."

"Naifuta!"

"Mbele ya mashahidi?"

"Toboa, Fuko! Toboa upesi, mgongo unawaka!"

Chuku-chuku-chuku! Safari hii hapakuwa na puu. Shwaaa! Maji yakaja, udongo ukateleza, Kiboko akaondoka kinyumenyume, tumbo likilainisha mfereji mpaka bondeni kabisa. Huko akakuta bwawa jipya linajaa, akajilaza, akafumba macho. Alipenda. Kwa nini tumnyime? Dimbwi lilipungua, kweli, lakini yeye hakurudi kulipima.

Jioni tembo wakafika penye pengo la barabara. Wakaleta magogo, wakayalaza juu ya mfereji, wakapita.

"Wazee," Fuko akauliza, "siku ile mliuona mfereji huu?"

"Mfereji upi?" wakasema, miguu ikiwa juu ya magogo.

Mama Kanga alipanda mbegu alizookota mferejini, na vifaranga wake wakakulia palepale.

Funzo, watoto wazuri: wadogo msijisumbue, mambo makubwa waachieni wakubwa. Siku ile iliamuliwa barabara itobolewe. Aliyeamua ni Kiboko.

Aliyetoboa ni Fuko.

"Nafunga maji!"

"Tumeshachota!"