Walikula Hesabu, Wakamtukana Mnajimu

"Vipande hamsini vya fedha, Baba Askofu! Hamsini! Na ni nyinyi mlioniita. Mimi sikuja kubisha hodi kwenu."

Huyo ni mnajimu mmoja wa mji wa kale, mbali sana na hapa. Amesimama mbele ya askofu na wazee wa kanisa, uso umemwiva kwa hasira. Msinikunjie nyuso kwa neno mnajimu. Simsemi mpiga ramli. Kazi ya mtu huyu ilikuwa kupima nyendo za jua, mwezi na nyota kwa vyombo vya shaba, kisha kuzipigia hesabu.

Walimwita kwa nini? Kalenda yao ilikuwa imepotoka. Sikukuu ya Ufufuo, ambayo kwao ilipaswa kuja majani yakichipua, ilikuwa inateleza kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi, kuelekea kiangazi. Waumini wakaanza kuuliza: hivi tunafunga siku za kweli, au tunabahatisha? Wazee wakaona aibu. Wakamwambia mnajimu, "Tutengenezee, tutakulipa."

Akakaa kazini miaka. Kila alipoiweka dunia katikati, hesabu ziligoma. Alipoliweka jua katikati, dunia ikilizunguka, zikatulia. Akawapa tarehe zao. Wazee wakamjaribu: mwezi utapatwa lini? Akataja siku na saa, na mwezi ukapatwa vilevile. Wakafurahi mno, wakazitangaza tarehe kila parokia.

Siku ya malipo ndipo mmoja akamuuliza, "Hivi bwana, hesabu hizi umezipataje?" Naye, kwa kuwa hakuzoea kuzungukazunguka na maneno, akasema.

Basi hapo pakachafuka.

"Malipo yako haya hapa," askofu alisema, akiupapasa mfuko mezani. "Weka mkono juu ya Maandiko, uape kwamba dunia imetulia na jua ndilo linaloizunguka. Chukua fedha zako, nenda."

"Niape uongo juu ya Maandiko, Baba?"

"Kwani asubuhi huoni jua likichomoza?" akadakia mzee mmoja mwenye kitambi. "Au macho nayo umeyaweka rehani?" Wenzake wakacheka.

"Naliona, mzee wangu. Lakini mtoto akijizungusha uani mpaka kizunguzungu kikampata, huona nyumba ndiyo inayozunguka. Utamwita fundi aje aifunge nyumba kamba?"

Mzee wa kitambi akainuka kitini.

"Unatufananisha na watoto?"

"Basi nirudishieni hesabu zangu! Kama mti ni wa shetani, matunda yake mnayatakia nini?"

"Hesabu zinabaki," askofu akasema. "Tarehe zimeshatangazwa." Akauvuta mfuko, akautia ndani ya joho lake.

Sikukuu ikafika. Majani yalikuwa yanachipua, kengele zinalia, watu wanakumbatiana: safari hii ni siku yenyewe! Mnajimu naye alikuja na mkewe, kanzu zimefuliwa, maana alikuwa mtu wa kusali. Bawabu akamwekea mkono kifuani. Ndani, askofu alikuwa anasoma tangazo kwamba mtu huyu ametengwa na kanisa. Mnanisikia? Walimfungia mlango katika siku ileile aliyowapa yeye!

Tumeonywa tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hawa walimtukana mkunga huku mtoto angali mikononi mwake.

Walikuwa wanaogopa nini, nawauliza? Mungu aliyeliumba jua atapungukiwa nini likikaa katikati? Ni lini alituomba tumlinde kwa uongo? Mungu si mgonjwa wa kufichwa habari! Na mtu anayetaka uape uongo ndipo akulipe haki yako, huyo hamtetei Mungu. Anatetea kiti chake, na mfuko wako.

Naona vichwa vinatikisika. "Ah, watu wa kale walikuwa wabaya." Nani kasema wa kale? Tulifanya nini sisi hapa, mwezi ule wa kupatwa kwa jua? Mwalimu wetu wa sayansi, wa shule yetu hii ya kanisa, alitutajia siku na saa. Tukaalika watu wa mitaa yote. Tukauza chai na maandazi, tukauza na miwani ya kutazamia. Kwaya ikaimba uwanjani. Jua likapatwa kama alivyosema, nasi tukapiga vigelegele kana kwamba tumelipatisha sisi.

Jumatatu akawaambia watoto kwamba ile haikuwa ghadhabu ya Mungu, ni mwezi umepita mbele ya jua. Tukakaa kikao. Tukasema anapotosha. Tukazuia mshahara wake mpaka asimame mbele yetu akane maneno yake. Hajakana. Sasa tuna mwezi wa tatu tunamsubiri njaa imlainishe, na paa jipya mnaloliona juu ya vichwa vyenu limetokana na maandazi yale.

Hiyo ni imani gani? Semeni! Tunachukua saa yake, tunachukua umati wake, tunachukua bati, halafu mdomo wake tunataka kuushona?

Sitatoa baraka ya mwisho bado. Hatuimbi. Mweka hazina, fungua sanduku. Mwalimu alipwe leo, mshahara wote, bila kiapo.