Mama Mkwe Kwenye Chumba cha Ndege

Wapo watu ambao wakisema "mgeni njoo, mwenyeji apone," macho yao huwa kwenye mkoba wa mgeni. Wanadhani kupona ni kuletewa kitu. Mimi nasema mkoba uacheni kwanza, mumtazame mgeni mwenyewe, maana huja na jicho ambalo halijaizoea nyumba yenu. Asiyeamini na asikilize kisa cha bwana mmoja ambaye majirani walimbandika jina la Rubani wa Chumbani.

Msimcheke, alikuwa rubani kweli. Alikuwa na leseni ya kurusha vindege vidogo, na sasa alitaka kupanda ngazi arushe ndege ya mizigo, yenye injini moja ya turbini na pangaboi kubwa puani. Kampuni ilikuwa tayari kumwajiri, mradi afaulu mtihani katika simuleta ya chuo, yaani mashine inayoiga ndege kuanzia viti hadi mtikisiko. Alikuwa ameanguka mara mbili. Kila alipoongeza nguvu ili aruke, pua ya ndege ilikwenda kushoto, na kufumba na kufumbua yumo kwenye majani. Jaribio la tatu lilikuwa Ijumaa, na la nne halikuwepo.

Kilichomchoma roho ni kwamba nyumbani mambo yalikuwa shwari. Katika chumba cha wageni alikuwa amefunga simuleta yake ndogo: kompyuta, usukani, wenzo wa nguvu, na pedali mbili chini ya meza. Humo ndege ileile iliruka imenyooka kama uzi, miezi sita mfululizo. Basi akakata shauri kwamba mashine ya chuo ni mbovu. Mwalimu alipompigia kelele, "Miguu, bwana, miguu!" yeye alijibu moyoni, "Tengenezeni mashine yenu kwanza."

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, mama mkwe akaingia na sanduku lake. Alikuwa fundi cherehani aliyeshona kwa miaka arobaini, na sasa alikuja kupimwa macho hospitalini. Chumba cha wageni kilikuwa hicho kimoja tu.

"Mke wangu, wiki hii kweli?" Rubani alinong'ona jikoni.

"Ulitaka macho ya mama yangu yangoje mtihani wako?"

"Sina maana hiyo. Lakini kwa dada yako kuna nafasi. Akirudi safari Ijumaa, mama ahamie huko siku hiyohiyo, tafadhali. Nahitaji chumba changu."

Mkewe alinuna, ila alikubali kumwambia mama.

Jumanne asubuhi, Rubani alibisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe.

"Shikamoo, Mama. Naomba saa moja tu ya mazoezi."

"Marahaba, mwanangu. Fanya kazi yako. Mimi nitakaa hapa kitandani kama picha ya ukutani."

Lakini picha gani ile yenye maswali! Hiki cha nini? Na kile? Ndege nayo ina honi? Rubani alijibu huku ameuma meno, maana mkwe ni mkwe. Hatimaye akasukuma wenzo, ndege ikakimbia katikati ya njia na kupaa bila kuyumba.

"Umeona, Mama? Imenyooka!"

"Nimeona. Na hivyo vya chini ya meza?"

"Pedali. Ukikanyaga, pua inageuka kushoto au kulia."

"Mbona miguu yako imelala?"

Rubani aliinama kutazama. Miguu yake ilikuwa imepishana ndani ya kandambili, mbali kabisa na pedali. "Haihitajiki, Mama. Inakwenda yenyewe."

"Yenyewe!" Mama mkwe alicheka hadi akashika ubavu. "Mwanangu, nimefundisha wasichana wengi kushona. Akija mpya, nasimama nyuma ya cherehani, namshikia kitambaa upande wa pili wa sindano. Mshono unatoka umenyooka, naye anajisifu kwa wenzake. Siku nikiachia, unakwenda kombo, na neno lake la kwanza ni kwamba cherehani mbovu. Sasa niambie, humu ndani nani anakushikia?"

"Hakuna mtu, Mama."

Alisema hivyo, lakini shaka ilimwingia. Akafungua mipangilio ya kompyuta, ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye ukurasa wa tatu aliikuta alama ndogo ya vema aliyoiweka mwenyewe siku ya kwanza, alipokuwa na pupa ya kuruka: *Msaada wa pedali.* Miezi sita yote kompyuta ilikuwa ikikanyaga kwa niaba yake. Akaifuta ile alama, akasukuma wenzo. Pua kushoto, puu, kwenye majani.

"Lo!" mama mkwe akasema. "Hilo shamba la nani?"

Rubani alishika kichwa kwa aibu. "Nimekwisha, Mama. Siku zimebaki tatu."

"Siku tatu si haba. Rudia, nitazame."

Akarudia. Akarudia tena. "Unangoja iende kando ndipo ukanyage," akasema yule mwenye macho ya kupimwa. "Mkono ukisukuma, mguu wa kulia nao uende, polepole, pamoja. Na kwa nini inavuta kushoto, isivute kulia?"

Ikabidi amweleze jinsi pangaboi linavyozunguka, na katika kumweleza akajikuta anaelewa vizuri zaidi: nguvu ikiongezeka mguu uongeze, ikipungua mguu uachie. Kwa siku tatu walifanya hivyo, mama akigonga tondoo yake, kile kikofia cha kidole cha mafundi cherehani, kwenye ubao wa kitanda kila mguu ulipochelewa.

Ijumaa, chuoni, Rubani alisukuma wenzo na mguu ukaenda nao. Mstari mweupe ukabaki katikati hadi magurudumu yakaacha ardhi.

"Leo miguu umeitoa wapi?" mwalimu akauliza huku akitia sahihi ya kufaulu.

"Imekuja na mgeni," akajibu.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Mlangoni alikuta sanduku limefungwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kando yake, viatu miguuni, akimngoja binti yake wa pili aje kumchukua, kama Rubani mwenyewe alivyoomba.

"Nilisema nisiondoke bila kukuaga," mama akasema. "Vipi, imenyooka?"

"Imenyooka, Mama."

Akainama, akalibeba lile sanduku, akaelekea nalo ndani.

"Wewe! Sanduku langu unalipeleka wapi?"

"Chumbani kwako, Mama."

"Na hizo ndege zako?"

"Tutabanana."

Mama mkwe alivua viatu akamfuata, akiuliza mle njiani kama ndege ya mizigo ina kiti cha abiria. Na yule aliyetaka mgeni aondoke ili mambo yake yapone, leo ukimuuliza atakujibu kabla hujamaliza swali: mgeni njoo, mwenyeji apone.