Alama za Nungunungu

Paukwa! Nimeita paukwa! Ninyi wenye digrii huko nyuma, mmemeza ndimi? Pakawa! Haya. Mimi shule niliikimbia darasa la sita, lakini habari hii naijua kuliko maprofesa wenu.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na chuo kikuu chao. Humo alifundisha Nungunungu, mama wa miiba mingi na maneno machache. Twiga akiumwa koo, alimshikia kipindi. Mtihani ukikosa msimamizi, alisimamia yeye. Mwalimu mgeni akifika, alimwonyesha darasa, choo, na mama ntilie asiyepunja. Hakuna aliyemtuma.

Kiboko, Mkuu wa Kitivo, alimwambia, "Dada, endelea. Cheo kikija nitakukumbuka." Alimwambia mwaka wa kwanza. Alimwambia mwaka wa pili. Alimwambia mwaka wa tatu.

Cheo cha mhadhiri mwandamizi kikaja. Akapewa Ngiri, shemeji yake Kiboko.

Nungunungu akaenda ofisini. "Mkuu, kwenye kugombea cheo nilipata alama ngapi?"

"Alama ni siri ya kamati."

"Kamati ni nani?"

"Mimi," akasema Kiboko, akanywa chai.

Nungunungu hakugombana, hakulia. Akawa anafundisha vipindi vyake, anakwenda nyumbani. Basi.

Twiga akaumwa koo. "Dada, nishikie kipindi." "Si changu." Mtihani ukakosa msimamizi. "Dada, tusaidie." "Si zamu yangu." Akaja mwalimu mgeni, Pundamilia, anauliza choo. "Muulize mwandamizi." Ngiri mwenyewe hakuonekana chuoni tangu apate cheo. Pundamilia akafundisha saa mbili huku amebana mapaja.

Walimu wengine wakaona kumbe inawezekana, nao wakakunja mikono. Wanafunzi wakajisimamia mtihani. Wote wakapata mia, hata ambao hawakuufanya.

Kiboko akaja mbio, jasho linamtoka. "Dada, unataka cheo? Chukua!"

"Cha kupewa hivyo sikitaki. Nataka alama zisomwe hadharani, za kila mmoja."

"Na ukishindwa?"

"Nitajua nimeshindwa na nini."

Zikasomwa uwanjani. Makala tatu za Ngiri zikaonekana ni makala moja yenye vichwa vitatu. Ngiri, saba. Akavuliwa cheo palepale, akasema hata hivyo kilikuwa kinambana. Nungunungu, themanini. Watu wakashangilia. Korongo, mwalimu mpole wa hesabu, themanini na moja.

Wote wakaitazama ile miiba, wakarudi nyuma hatua tatu.

Nungunungu akaomba karatasi ya Korongo. Akazihesabu alama mwenyewe mara moja, mara mbili, mara tatu. Themanini na moja. Moyo ukamuuma kidogo, kisha, ajabu, ukatulia.

Akamwendea Korongo. "Hongera, bwana. Leo utafanya sherehe?"

"Natamani, dada, ila kesho nina kipindi alfajiri."

"Cheza ngoma yako. Nitakushikia."

Hadithi yangu imekomea papo hapo. Mwenye rufaa aandike barua. Mimi kusoma siwezi.