Mawe ya Matusi Shambani kwa Mghoi

Nikisema "Kale!" nyinyi semeni "Kale gani?" Na mseme kama watu waliokula, si kama mbuzi wenye kikohozi.

Kale!

Kale gani?

Kale ya milima kukaa inapotaka na watu kuiomba ruhusa. Kaeni chini. Wewe mwenye kamasi, futa, kisa hiki hakisikilizwi kwa pua. Na msinitazame hivyo eti sina mvi. Mvi ni nywele tu. Shule niliiacha mapema, hilo sikatai, lakini kwa kisa hiki hata mwalimu wenu angekaa hapo mchangani na nyinyi.

Basi hapo kale, kwenye mlima mmoja huko Taita, paliishi mjane aliyeitwa Mghoi. Chini ya nyumba yake lilikuwepo shamba la maharagwe, na katikati ya shamba, korongo. Korongo lenyewe lilianza kama ufa, kuku anauruka. Mvua ikaja, maji yakateremka, yakachukua udongo. Mvua ikaja tena, maji yakateremka tena, korongo likapanda, likameza migomba, likapanda, mpaka likafika karibu na mlango. Mtu akitoka nje bila kuangalia, anashukia humo. Na mlima ulikuwa umejaa watu, hapakuwa na kipande kingine cha kumpa. Nyumba ikianguka, Mghoi angeshuka nyikani akaishi peke yake, kwenye simba na kiu.

Majirani wakasema haiwezekani, tutampelekea mawe.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo watu hupotea. Watu wa mlima ule walikuwa na adabu zao. Humpi jirani kitu kibovu: kibuyu chenye ufa, kuku kilema, jiwe lililovunjika. Ukimpa, umemtukana. Na huchimbi shamba la mtu aliye hai ukazika kitu ndani yake. Ukizika, umemwombea kifo. Mmeelewa? Hata wao walielewa vizuri sana, na shida yote ilianzia hapo.

Wakashuka mtoni kuchagua mawe. Mwasaru, mdogo wake marehemu mume wa Mghoi, ndiye aliyejifanya fundi wa kuchagua. Analizunguka jiwe kama mtu anayenunua ng'ombe, analigonga, analipapasa, anasema hili lina shavu zuri. Akapata moja la mviringo, laini kama yai, akalipaka mafuta ya kondoo ling'ae. Wakayasukuma mpaka juu, wakayapanga korongoni, juu ya udongo tu, bila kuchimba hata kidogo. Yakapendeza. Watu wakatoka mbali kuja kuyatazama, na Mghoi akawapikia.

Mvua ikaja. Maji yakateremka. Mawe nayo yakateremka. La Mwasaru lilitangulia, likaingia zizi la Mwasaru mwenyewe, likatokea upande wa pili, likarudi mtoni lilikotolewa. Korongo likabaki pana kuliko mwanzo.

Wakatazamana. Hawakuelewa.

Wakaitisha kikao. Mmoja akasema mawe yamekumbuka kwao. Mwingine akauliza kama yaliagwa yalipotolewa mtoni. Mzee Nyambu, mkubwa wa mlima, alisikiliza pande zote akakubaliana nazo zote, hata zilizopingana. Mwisho ikaamuliwa mawe yafungwe kamba kama ndama, mpaka yazoee. Yakarudishwa, yakafungwa, kila jiwe na mgomba wake.

Mvua ikaja. Maji yakateremka. Mawe yakateremka, na migomba ikayafuata.

Wakatazamana. Hawakuelewa. Nyinyi mnacheka, lakini mngekuwepo mngeshika kamba.

Mghoi alikuwa ameacha kuwatazama watu, analitazama korongo. Humo ndani lilikuwepo jiwe moja baya, lenye pembe, limepasuka upande mmoja, nusu yake imezama ardhini. Kila mtu alikuwa amejikwaa hapo akalilaani. Lile halikuondoka. Na upande wake wa juu udongo ulikuwa umejilundika, mwororo, maharagwe yameota humo bila kupandwa.

Akaenda kwa Mzee Nyambu. Akamweleza kwamba anataka mawe kama lile, mabaya, na anataka yazikwe. Mzee akaziba masikio.

"Mama, unataka tukutukane?"

"Nitukaneni, mzee."

"Na kuzika? Tuzike nini, nawe unapumua?"

"Basi nililieni kwanza. Nikishaliliwa, mtazika chochote."

Mzee alitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona. Akatafuta maana, hakuiona pia. Akatoa ruhusa.

Basi watu wakaja msibani. Marehemu alikuwa kibarazani anakula ndizi ya kuchoma. Wanawake wakalia, hawajui wamtazame au wasimtazame. Wengine walimpa pole kwa msiba wake, akaipokea. Kila aliyeleta jiwe lenye kingo aliomba radhi kwa ubaya wake, na Mghoi akawa anauliza kama hakuna baya zaidi. Mwasaru alilia kuliko wote, kisha akasita.

"Shemeji, nikulilie kwa jina, au utaitika?"

"Lia tu. Ila hilo jiwe umelipindua. Upande mpana ukae chini, uzame, pembe ziumane na la jirani."

Wakachimba wakilia. Kila jiwe likaingia ardhini mpaka kiunoni, na vipande vidogo vikashindiliwa katika nafasi.

Mvua ikaja. Maji yakateremka, yakayagonga mawe, yakapoteza hasira, yakatua udongo wake pale, yakaenda zake polepole. Halikusogea hata moja. Msimu uliofuata korongo lilikuwa limejaa udongo, maharagwe yakapandwa juu yake.

Wakatazamana. Hawakuelewa, na sasa walikuwa na jambo jipya: Mghoi ameshaliliwa. Asalimiwe au asisalimiwe? Mzee Nyambu akaitisha kikao, akakubaliana na kila mtu. Wakiwa bado wanabishana, Mghoi akaenda kwa Mwasaru kuomba chumvi. Mwasaru akasimama mlangoni na chumvi mkononi, hajui kama marehemu hupewa.

"Shemeji, wewe upo au hupo?"

"Nipo nyumbani kwangu," akasema Mghoi. "Lete chumvi."

Akapewa.

Basi nyie, mkitafuta jiwe la kuzuia maji, msitazame sura. Tafuteni zito, lenye pembe, mlizamishe. Na mkimwona mtu shamba linamwishia, msimkimbilie na kitu kizuri kabla ya kumwuliza anataka nini.

Kisa kimefika bondeni, miguu yangu imechoka. Ambaye hajaelewa asione haya, hata waliokuwepo hawakuelewa. Kale imerudi kwao, nanyi rudini kwenu.