Mgeni Asiyenawa

Paukwa!

Pakawa!

Nilikwenda?

Ukarudi!

Nikaona?

Tuambie!

Basi sogeeni. Na wewe unayesinzia huko pembeni, amka, maana ngano hii ina zimwi na sitairudia.

Hapo kale palikuwa na mtu na mkewe. Mume akiitwa Dafa, mke akiitwa Bi Nunu. Walikuwa na watoto wawili: Mwanahawa, aliyekuwa darasa la sita, na mdogo wake Shebe, ambaye ndiyo kwanza ameanza shule na meno ya mbele hana. Msiniulize ni kale gani hiyo yenye darasa la sita. Kale ni yangu, mimi ndiye mwenye ngano.

Siku moja shule zilipofungwa, watoto wakamganda baba yao. "Baba, tutembeze. Wenzetu wote wametembezwa." Baba akasema, kesho. Kesho yake akasema, kesho. Ya tatu aliposema kesho, Bi Nunu akaweka mwiko chini.

"Baba Mwanahawa, kesho yako haina asubuhi?"

Basi alfajiri pilau ikapikwa. Mahamri yakafungwa kitambaani, ndizi zikatiwa kikapuni. Wakachukua mkeka, birika, beseni na kipande cha sabuni, wakapanda kilimani mpaka kwenye mto wa Mavue, penye maji baridi na nyasi laini.

Pazuri palikuwa pazuri, lakini palikuwa kimya. Hakuna ndege aliyelia wala chura aliyeruka. Bi Nunu aliliona hilo, akalinyamazia, asije akawaharibia watoto siku yao. Watoto wakacheza mpaka jua likaanza kuinama, ndipo mkeka ukatandikwa na sinia likawekwa katikati. Baba na mama wakakaa. Mwanahawa alikuwa bado amesimama na birika, maana kwao mtoto mkubwa huwanawisha wengine kwanza. Shebe alikuwa bado yuko mtoni, akiitwa haji.

Mara wakasikia nyayo nyuma ya matete. Kuna mtu anapita.

Sasa nyinyi mnajua, kwetu ukila na mtu akapita, humwachi apite hivi hivi. Utasema karibu. Naye mwenye adabu atajibu, "Starehe," na kwenda zake. Basi Dafa, bila kuinua kichwa, akasema, "Karibu!" Bi Nunu naye, akifunua pilau, akasema, "Karibu tule!"

Hakuna aliyetazama ni nani.

Na yule mpita njia hakusema starehe. Alisema, "Nimekaribia."

Matete yakalala chini, likatoka zimwi. Lina kichwa kama chungu cha kupikia tembo, na mikono imefika magotini, myeusi kwa masizi na damu kavu. Shebe alipoliona akaruka kutoka majini, akaanguka kwenye tope la ukingoni, akajificha humo humo. Dafa akataka kusimama. Hakuweza. Bi Nunu akataka kusimama, naye hakuweza. Mkeka uliwashika kama ulimbo.

"Aliyenikaribisha haondoki mpaka nimalize," likasema zimwi, likakaa. "Sikuvunja mlango wa mtu. Mmeniita wenyewe."

Mwanahawa miguu yake ilikuwa huru, kwa kuwa yeye hakukaribisha mtu. Lakini angekwenda wapi, na mama yake amekwama pale? Aliogopa, wanangu. Hata hivyo adabu ilimtangulia, akasogea na beseni.

"Shikamoo, mgeni. Nawa mikono."

Zimwi likaruka nyuma, likaficha mikono mgongoni. "Ondoa maji yako! Kwetu kunawa ni kumaliza. Zimwi likinawa, halili tena mpaka mwezi mwingine uandame. Mimi sijanawa, na sinawi mpaka nishibe."

Basi likala pilau yote, likalamba sinia mpaka likang'aa. Dafa akauliza kwa sauti ndogo, "Mgeni, umeshiba?"

"Sijashiba, na sijanawa."

Likala mahamri pamoja na kitambaa chake. Bi Nunu akauliza, "Mgeni, umeshiba?"

"Sijashiba, na sijanawa."

Likala ndizi na maganda, likala na kikapu. Hakuna aliyethubutu kuuliza tena. Zimwi likajisemea lenyewe, "Sijashiba, na sijanawa," kisha likageuza shingo polepole, likatazama kwenye tope.

"Yule mdogo, mwenye mapengo. Mleteni."

Bi Nunu akalia kilio ambacho sitaki kukiiga hapa, kitawakosesha usingizi. "Nile mimi," akasema. "Mimi mnene, yule hana nyama."

"Nile mimi," akasema Dafa. "Mimi ndiye niliyesema karibu kwanza."

Zimwi likacheka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyinyi hamtaki kupona? Mtoto akikimbia naanza na mama. Binti, mlete."

Mwanahawa akamtazama Shebe pale topeni. Akatazama ile mikono myeusi. Akatazama mto. Akajibu kama anavyojibu mtoto aliyelelewa.

"Bee, mgeni. Nakuletea. Lakini tazama alivyogaagaa kwenye tope. Kwetu mgeni hapewi kitu kichafu, ni aibu kwa mama yangu. Ngoja nimwoshe."

Zimwi lilipenda kuheshimiwa. "Haya. Mwoshe upesi."

Mwanahawa akachukua sabuni, akamshika ndugu yake mkono, wakaingia mtoni mpaka kiunoni. Shebe analia. "Dada, usinipe. Dada, sitakuchokoza tena."

"Nyamaza unisikilize," akamnong'oneza huku anamsugua. "Nikikubana kidole, uteleze kama kambare. Usikubali kushikika. Umesikia?"

"Nimesikia."

Zimwi likaita kutoka ukingoni, "Tayari?"

"Bado miguu, mgeni."

Akamsugua miguu. Jua likashuka. Zimwi likasogea karibu na maji. "Tayari?"

"Bado mgongo, mgeni."

Akamsugua mgongo, povu likazidi. Zimwi likasogea tena, udenda unalidondoka. "Tayari?"

"Bado masikio, mgeni." Hapo akambana Shebe kidole. Shebe akateleza. Akamshika, akateleza. Akamshika tena, akateleza tena, akazama, akaibukia upande wa zimwi.

"Mgeni, ananishinda!" Mwanahawa akapaza sauti. "Amejaa sabuni, nami mikono yangu midogo. Maji yanakwenda kasi hapa. Atachukuliwa na mto, utakosa!"

Utakosa! Neno hilo mlafi halivumilii. Tamaa mbele, mauti nyuma. Zimwi likasahau mwezi, likasahau kunawa, likasahau kila kitu isipokuwa yule mtoto. "Mvivu we! Nipishe!" Likainama, likatumbukiza mikono yote miwili majini, likamdaka Shebe mguu.

Shebe akapiga yowe. Mwanahawa hakujua kama ujanja wake utafanya kazi au amemtia ndugu yake mdomoni mwa zimwi kwa mikono yake mwenyewe. Hakukimbia. Alilirukia lile dude mikononi, akalisugua kwa sabuni, vidole, viganja, kucha, anasugua huku analia. Masizi yakatoka, damu kavu ikatoka, maji yakachukua weusi wote kuteremka nao.

"Mgeni kanawa!" akapiga kelele.

Zimwi likamwinua Shebe juu, likaachama.

"Mgeni kanawa!" akalia Bi Nunu kutoka mkekani.

Likamleta mtoto mdomoni, Shebe akaona koo jekundu mbele yake.

"Mgeni kanawa!" akanguruma Dafa.

Kwap! Taya zikafunga. Zimwi likavuta, hazifunguki. Likapiga kichwa chake kwenye jiwe, hazifunguki. Likatazama mikono yake, nayo ilikuwa safi kama ya bwana harusi, na hapo likaelewa. Likamwachia Shebe akaanguka majini chubwi! Halikuaga. Lilijikokota kuufuata mto kwenda juu, linaguna kwa pua, matete yakafunga nyuma yake.

Mkeka nao ukaachia. Bi Nunu hakutembea, aliruka. Aliwakumbatia wote wawili hapo hapo majini na nguo zake, akamlilia Mwanahawa shingoni mpaka binti akasema, "Mama, unanikaba." Dafa alisimama ukingoni, mtu mzima, machozi yanamtiririka.

"Mwanangu," akamwambia Mwanahawa, "mimi nilimwita bila kumtazama. Wewe ndiye uliyemtazama."

Wakatoka majini. Kisha Bi Nunu akamfuta Shebe uso kwa ncha ya leso, akamtazama mikono, akamtazama miguu, akamhesabu vidole.

"Umeumia wapi, baba? Sema, mama yako nasikia."

Shebe akafikiri. Akatazama sinia tupu, akatazama pale kilipokuwa kikapu, midomo ikaanza kumcheza.

"Mama," akasema, "mimi sijala."

Hadithi yangu imeishia hapo, wao wakiteremka kilima mbio mbio kwenda kumpikia mtoto uji kabla giza halijawakuta. Mwenye kuipenda aichukue, asiyeipenda aniachie, nitampa mwingine kesho.

Na funzo lake ni hili. Karibu ni neno zuri, msiliache. Lakini kabla hujalitoa, inua kichwa umtazame anayepita.